Siku ya 131: tiketi ya kutokea imekubali

São Paulo, saa tano usiku. Nimepita! Sikuitwa pembeni, sikuambiwa nimsubiri msimamizi, sikuulizwa swali la pili. Binti wa kaunta pale uwanja wa ndege wa Changi aliipokea karatasi ya tiketi yangu ya kutoka Brazil, akazifuata zile tarakimu kumi na tatu kwa kidole, akabonyeza, mashine ikatoa pasi mbili za kupandia ndege: Singapore hadi Addis Ababa, Addis Ababa hadi São Paulo. Dakika nne hazikufika. Nilisogea mpaka benchi la kwanza nikakaa na begi langu mgongoni, magoti hayana nguvu.

Hili ni bara la tatu, na tangu nitoke Dar hakuna kilichonitesa kama tiketi ya kutokea, yaani ile ya kuthibitisha kwamba nchi unayoiendea utaondoka. Viza zina utaratibu wake. Unajaza, unalipa, unangoja, unajibiwa. Kusini mwa Afrika, kuanzia nilipoteremka treni ya TAZARA pale Kapiri Mposhi, Zambia, mpaka Cape Town, pasi yetu ya Tanzania inagongwa muhuri tu. Malaysia na Singapore hazitudai viza. Ya Thailand niliomba kwa mtandao, ya Brazil ilinila wiki tatu ikatoka. Lakini mtu anayezunguka dunia kwa begi hajui atatoka lini nchi anayoiendea, wala kwa njia gani. Ndiyo raha yenyewe ya safari hii. Na hapo hapo ndipo kaunta ya ndege inapokukamata: "Unatoka lini? Onyesha tiketi."

Siku ya 38, Johannesburg. Nakwenda Bangkok. Nilikuwa nimejipanga, tiketi ya kutoka Bangkok ninayo, ya kwenda Tokyo, niliipata kwa bei ya kutupa. Mhudumu akaitazama, akaitazama pasi yangu, akauliza: "Viza ya Japani iko wapi?" Sina. Sikuwa na nia ya kwenda Japani, nilitaka karatasi tu. Akasema basi hii si tiketi ya kutokea, kwa sababu huko unakosema unakwenda hawatakupokea, utarudishwa Bangkok. Nilikasirika sana siku ile. Sasa nakubali kwamba kwa hilo alikuwa sahihi.

Kisha akafungua kadi yangu ya homa ya manjano. Nilichanjwa 2014, na kadi imeandikwa mwisho wake 2024. "Imekwisha." Hapo hakuwa sahihi hata kidogo. Tangu tarehe 11 Julai 2016, kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, cheti cha chanjo ile kinatumika maisha yote ya aliyechanjwa, hata kama kadi yenyewe ya zamani imeandikwa miaka kumi. Nilimweleza, nikamfungulia simu, akaenda kumwita msimamizi, msimamizi akaja akasoma polepole kama anayesoma wosia, akakubali. Lakini tiketi ya Tokyo ilibaki pale pale. Ndege iliondoka bila mimi, na hela ya tiketi ikaenda nayo.

Usiku ule sikulala, nikaanza kusoma. Yule wa kaunta si afisa uhamiaji. Hana mamlaka ya kukuruhusu wala kukukataza kuingia nchi ya watu. Ila shirika likimpakia abiria ambaye akifika atakataliwa, ni juu yake kumrudisha, na nchi nyingi hulitoza faini juu ya hapo. Kwa hiyo anachoangalia ni kitu kimoja: skrini ya Timatic, hazina ya masharti ya kuingia kila nchi, inayoendeshwa na IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani. Anaingiza uraia wako, unakotoka, unakokwenda, inamjibu. Wewe nawe unaweza kusoma masharti hayo hayo kwenye ukurasa wa IATA wa wasafiri. Tangu siku ile siendi kaunta kabla sijayasoma na kuyachapisha, maneno yale yale anayoyaona yeye.

Siku ya 40, nikarudi. Safari hii nilikodi nafasi, zile huduma zinazokushikia kiti kwa siku mbili kwa ada ndogo. Bangkok hadi Kuala Lumpur, hakuna suala la viza. Nilijua nimemaliza kazi. Mhudumu mwingine, kijana mpole, akaingiza zile herufi sita, akanigeuzia skrini nione mwenyewe: jina langu lipo, ndege ipo, tarehe ipo. Mahali pa namba ya tiketi pako wazi. "Dada, umeshika nafasi. Tiketi hujakata."

Hapo ndipo nilipolielewa tatizo hili mpaka mzizi wake, na ningependa kila anayeanza ashike hili hata akisahau mengine yote. Herufi sita ni za kushikia nafasi. Tiketi iliyokatwa na kulipiwa ina namba yake ya tarakimu kumi na tatu, tatu za mwanzo zikiwa za shirika lenyewe. Mhudumu akizikosa zile kumi na tatu, mikononi mwake una ahadi tu. Wapo wanaopita kwa herufi sita, nimekutana nao, wamepita mara kumi. Nimetazama pasi zao. Nyingi ni za nchi ambazo mhudumu hata hahangaiki kuuliza. Sisi tunaulizwa. Linaniuma, na nitaendelea kulisema, lakini usiku wa safari lalamiko halikupandishi ndege.

Nilikata tiketi ya Kuala Lumpur palepale, nimesimama kando ya foleni, simu ina chaji asilimia 9. Haikuwa ya kurudishiwa hela. Nikaruka.

Bangkok ilinishangaza. Kabla ya uhamiaji pale Suvarnabhumi kuna dawati la afya kwa tunaotoka nchi zenye homa ya manjano. Nilijiandaa kwa vita. Mama mmoja mwenye miwani akaichukua kadi, akaona 2014, akagonga muhuri kwenye fomu yangu, akanirudishia kwa mikono miwili. Hakusema neno.

Na ile tiketi ya Kuala Lumpur sikuitumia. Muda wa kuondoka ulipofika nikapanda treni ya alasiri kutoka Bangkok kwenda kusini, nikalala, asubuhi nikaamkia Padang Besar. Mpaka ule ni mtamu jamani. Madirisha ya nchi zote mbili yako ndani ya stesheni moja. Unashuka na begi, Wathai wanakugonga kutoka, unatembea hatua chache, Wamalaysia wanakugonga kuingia. Afisa alitaka kuona ile kadi ya kuingilia inayojazwa mtandaoni siku tatu kabla, basi. Tiketi ya kutokea hakuigusa. Angalieni saa tu, Malaysia iko mbele kwa saa moja. Mimi nilibaki na saa ya Thailand mkononi, nikaitazama treni ya Butterworth ikiondoka huku nimeshika kikombe cha chai ya maziwa. Nikangoja inayofuata. Kivuko cha kwenda George Town nilikipata jioni.

Kwa nchi kavu, basi, hakuna kaunta. Ningeweza kuishi hivyo. Lakini kati ya Asia na Brazil kuna bahari mbili, na hakuna treni.

Nikiwa Singapore niliandika kwenye daftari kila njia niliyojaribu, na kwa nini ilikufa. Kichwani nilikuwa nalazimisha tiketi ya kwenda mbele, kwa sababu safari inakwenda mbele. Tiketi ya mbele inazaa swali la viza ya huko mbele. Nchi moja tu duniani ni lazima inipokee bila viza, na hakuna mhudumu awezaye kulibishia hilo: Tanzania. São Paulo hadi Dar es Salaam. Ikatwe moja kwa moja kwa shirika lenyewe, si kwa wakala, na iwe daraja la kurudishiwa hela yote.

Tiketi ya namna hiyo ni ghali, ndiyo maana nilikuwa naikwepa. Nikampigia kaka. Hela aliyokuwa nayo ni ya ada ya watoto, ya Januari. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mdogo wangu, itarudi?" Nikamsomea masharti ya kurudishiwa, neno kwa neno. Akaniuliza tarehe, akaiandika. Hela ikaingia kabla ya saa sita mchana. Kwa hiyo yale magoti pale Changi hayakuwa ya ndege peke yake.

Sasa vifaa, kwa kuwa nimebadilisha viwili. Taulo la kitambaa cha kisasa nimeliacha George Town. Kanga inakauka haraka kuliko hilo, ni taulo, ni shuka, ni pazia la kitanda cha chini kwenye bweni la watu kumi, na ukiikunja ni mto. Nilibeba moja, ningebeba mbili. Cha pili ni bahasha ngumu ya plastiki yenye kifungo, ya Kariakoo, imekaa mgongoni mwa begi tangu siku ya kwanza na nilikuwa siithamini. Humo sasa kuna tiketi, viza, kadi ya manjano, masharti ya Timatic, kila kitu kwenye karatasi. Simu inazima, mtandao wa uwanjani unagoma, na ukimpa mhudumu simu yako anaishika kama kitu cha mtu. Karatasi anaiweka mezani kwake na kuanza kazi. Ramani bado natumia Organic Maps, inafanya kazi bila mtandao na hainyonyi chaji. Begi leo asubuhi lilikuwa kilo 8.4. Nataka lifike 7, na najua mhalifu ni viatu vya pili.

Nikiwa Bole, uwanja wa Addis Ababa, nasubiri ndege ya pili niliketi katikati ya wafanyabiashara wa Dar na Lubumbashi waliokuwa wakienda Guangzhou, Kiswahili kimejaa ukumbi mzima. Dada mmoja akanipa maandazi kwenye mfuko. Siku 131, andazi la kwanza.

Mpango ulikuwa kesho niende kituo cha mabasi cha Tietê, nikate tiketi ya Rio, wiki mbili pwani. Nimeufuta. Kwenye chumba hiki kuna mzee wa Belém, kaskazini mwa Brazil, anayerudi kwao, na jioni yote amenieleza meli za mto Amazon, Belém kupanda hadi Manaus, siku tano au sita kwa kuwa mnakwenda kinyume na maji. Abiria wa sitaha wanalala kwenye vitanda vya kitambaa vinavyoning'inizwa, wao wanaviita rede, kila mtu anakuja na chake. Tulikuwa tunaelewana kwa vidole na kwa maneno machache, mpaka aliposema kwa Kireno chake mesa huku akiigonga meza, na baadaye lenço huku akiishika kanga yangu. Bibi yangu wa Mombasa hasemi kanga, anasema leso. Nilicheka mpaka machozi.

Basi la Belém ni karibu kilomita 2,900, zaidi ya siku mbili barabarani. Ndani ya Brazil hakuna wa kuniuliza natoka lini, kwa hiyo saa moja iliyopita nimeirudisha tiketi ya Dar na kumtumia kaka picha ya uthibitisho. Amejibu kwa neno moja: "Nimeona." Hela ikiingia nitaandika imechukua siku ngapi. Asubuhi natafuta rede, na kamba mbili za mita tatu tatu, mzee amesisitiza zisiwe fupi.