Nilivyopata printa ya leza ya mtumba inayoelewana na Linux

Karibu kila duka Kariakoo nilijibiwa kwamba nikitaka kuchapa nirudi Windows. Ushauri huo umepitwa na wakati na unawapotezea watu hela. Printa yenye AirPrint au IPP Everywhere (viwango vya kuchapa bila draiva, yaani bila programu maalumu ya printa hiyo) hujieleza yenyewe kwenye mtandao: karatasi inazopokea, kama ina rangi, kama inachapa pande mbili. CUPS, mfumo wa kuchapa wa Linux, ikishapata maelezo hayo, haihitaji draiva ya kampuni.

Printa za wino niliziacha mapema. Mimi nachapa kwa nadra, na wino usiotumika hukauka kwenye matundu ya kichwa.

Ya kwanza kuwekwa mezani ilikuwa leza ya bei ya chini, ya USB tu. Niliichomeka kwenye laptopu, nikaandika `lsusb -v`, amri inayoonyesha maelezo ya vifaa vya USB. Printa inayotumia IPP (lugha ya kuchapa iliyo ndani ya viwango hivyo) kupitia USB huonyesha bInterfaceClass 7, SubClass 1 na Protocol 4. Hii iliishia Protocol 2, yaani haitumii IPP. Muuzaji akasisitiza kwamba "itakubali tu", lakini karatasi ilitoka tupu. Nyingi za aina hii huitegemea kompyuta iwapangie ukurasa mzima, na baadhi husubiri zipakiwe programu ya ndani kila zinapowashwa. Programu hiyo ni ya kampuni na haimo kwenye Linux. Kila ukisasisha mfumo unaanza kuitafuta upya.

Nikachukua Brother HL-L2350DW iliyotoka Ulaya, kwa laki tatu na ushee. Sikulipa kabla ya kuipima. Niliwasha hotspoti ya simu, nikaunganisha printa na laptopu yenye Ubuntu, halafu kwenye terminali nikaandika amri inayotafuta printa za aina hiyo:

`driverless`

Ikatoka anwani inayoanza na ipp://. Niliinakili ilivyo mahali pa neno "anwani", ndani ya alama za nukuu:

`lpadmin -p nyumbani -E -v "anwani" -m everywhere`
`lp -d nyumbani -o sides=two-sided-long-edge barua.pdf`

Karatasi ikatoka imechapwa pande zote mbili, muuzaji akiangalia. Hotspoti iwe ya 2.4 GHz, maana printa hii haioni 5 GHz. `driverless` ikikaa kimya, hakikisha avahi-daemon (programu inayotafuta vifaa kwenye mtandao) inafanya kazi na firewall (ukuta wa ulinzi wa kompyuta) haijafunga UDP 5353, mlango unaotumiwa na utafutaji huo. Simu nyingine pia huzuia vifaa vilivyo kwenye hotspoti visionane. Jaribu simu ya mwenzako.

Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka umeme. Leza ya Marekani ni ya volti 120, na umeme wetu wa 230 utaunguza sehemu ya kuyeyushia tona (wino wa unga). Tona nazo hutofautiana: ya Ulaya hutumia TN-2410 (kurasa 1,200) au TN-2420 (kurasa 3,000), ya Marekani TN-730 au TN-760. Dramu (silinda inayobeba picha ya ukurasa hadi kwenye karatasi) huuzwa peke yake na hukadiriwa kurasa 12,000, kwa hiyo kwenye menyu ya printa ingia Machine Info., fungua Parts Life, uone imebaki asilimia ngapi. Ikiwa imekaribia kwisha, bei ya dramu mpya ipunguzwe kwenye bei ya printa.