Marufaa ya Lamu katika Hewa Kavu ya Santa Fe

Kabla sijapeleka kazi zangu za kuchonga mbao kwenye soko la kimataifa la sanaa za jadi linalofanyika Santa Fe, Marekani, mwezi wa Julai, nilipokea ushauri wa kujaza daftari, na karibu wote ulihusu mdomo wangu: nitabasamu vipi, nizungumze Kiingereza gani, nitaje bei ya juu kiasi gani ili nipate pa kushukia. Hakuna aliyeniuliza mbao zangu zina maji kiasi gani, ingawa hilo ndilo lingeweza kunifilisi. Sisi wa Lamu tunaishi usawa wa bahari, na ubao uliokaa karakanani miaka mingi bado huwa na unyevu, kwa sababu hewa yenyewe ina unyevu. Santa Fe iko kwenye nyanda kavu, zaidi ya mita 2,100 juu ya bahari, na midomo ya mtu wa pwani huanza kubabuka kabla hajamaliza kufungua mizigo.

Mshauri mmoja, ambaye simtaji kwa kuwa tunasali msikiti mmoja, aliniapia kwamba mafuta ya nazi yangetosha kuzuia nyufa. Nikakipaka kijikasha cha mvule mafuta hayo hadi kikang'aa, kisha nikampa binamu yangu anayefanya kazi Lodwar akae nacho, maana kwa ukame sikuona mahali pa kujaribia panapoishinda Lodwar. Haukupita muda mrefu akanitumia picha ya kifuniko kilichopasuka kutoka ukingo hadi ukingo, na katika ufa huo alikuwa amechomeka sarafu ya shilingi ishirini, nayo imesimama wima bila kushikwa. Mafuta hung'arisha uso wa ubao tu. Maji hutoka hata hivyo, na hutoka kwa kasi zaidi kwenye ncha zilizokatwa kukingama nyuzi, ndiyo maana ufa huanzia huko.

Basi nikaacha makasha, nikaamua kupeleka marufaa, yaani vibao vya kukunja vya kuwekea msahafu, na kuzikausha mbao zake mwenyewe. Nilichukua kabati kuukuu, nikatoboa matundu chini na juu ili hewa ipite, nikapaka nta ya nyuki kwenye ncha za mbao, kisha nikaning'iniza ndani balbu ya zamani, ile yenye uzi unaowaka. Kuipata balbu hiyo kulinitesa kuliko kupata viza, kwa sababu kila mwenye duka alinisifia hizi za kisasa zisizopata joto, na mimi nilichotaka ni joto, mwanga ningempa yeyote anayeuhitaji. Mke wangu aliniuliza mbele ya wageni kama mayai yanakaribia kuanguliwa. Nilimwachia acheke, nikaendelea kuzipima mbao kwa mizani niliyoazima dukani kwa jirani, nikiandika uzito kwa penseli juu ya kila ubao. Uzito uliposhuka hata ukakataa kushuka tena, ndipo nikashika patasi. Asikudanganye mtu kwamba unaweza kuchonga kwanza na kukausha baadaye, kwa sababu marufaa ni ubao mmoja usio na msumari wala gundi, na vidole vya bawaba yake vikisinyaa baada ya kuchongwa, vitalegea au vitavunjika.

Kazi zilipokamilika nilizifungia katika makopo ya plastiki yenye vifuniko vinavyobana, kwa kuwa mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu mwaka 2017. Mapambo ya mpingo niliyaacha nyumbani, maana mti huo una masharti yake ya kimataifa, nami sikutaka kubishana na mtu uwanja wa ndege. Mbao nilizitaja kwenye forodha bila kuulizwa. Ofisa alitafuta matundu ya dumuzi, hakuona kitu, akaniruhusu. Nauli sitaki kuikumbuka, ila ilimeza akiba niliyoiwekea paa la nyumba.

Kibandani nilikuwa na ubao mmoja ambao bawaba yake nilikwisha kuichonga pande zote mbili, na unene wake nilikuwa nimeupasua kwa msumeno mwembamba kutoka kila upande, nikabakiza kipande kidogo tu. Watu walipokusanyika nilikimalizia mbele yao, nikauweka msumeno chini, nikavuta pande mbili, na ubao ukafunguka ukawa marufaa. Bibi mmoja aliukagua kila upande akitafuta gundi, akauliza bei, akalipa. Siku ya mwisho jirani yangu wa kibanda alinihimiza nishushe bei kama yeye. Nikamjibu kwamba bado nina paa la kulipia.

Machache yaliyosalia nimerudi nayo na hayajatoka kwenye makopo, kwa sababu hewa ya Lamu ikiyaingia bawaba zitavimba na kugoma kufunguka, nami nimekwisha kuomba nafasi ya mwakani.