"Haya" ya mama mkwe

Jamani hii "haya" itaniua. Mnamjua mama mkwe wangu wa Mafinga, haongei sana. Jumamosi kaja hapa Iringa na debe la maharage ya njano, kakaa jikoni na ungo anachagua, mimi nasoma mambo yangu yale ya kompyuta za kwanta (zile zinazohesabu kwa vitu vidogo kama elektroni), akauliza, unasoma nini mwanangu mpaka chai inapoa?

Nikajitia ualimu. Nikamwambia mama, kuna watu wanainasa elektroni moja tu ndani ya silikoni, wanaipoza mpaka karibia nyuzi -273, Makete cha mtoto, halafu ile spini yake, yaani kausumaku kake kadogo, ikielekea juu ni 1, chini ni 0, na inaweza ikawa mchanganyiko wa vyote, hapo ndo utamu ulipo. Shida majirani. Katika kila atomu 100 za silikoni ya kawaida karibia 5 ni silikoni 29, aina nzito kidogo, kiini chake kama kisumaku, kinaichokoza elektroni mpaka inapoteza ilichoshika.

Hata hakuinua macho. "Si mzichague tu?"

Nikacheka! Nikamjibu, mama, hizo atomu, hazichaguliki kama maharage.

"Haya." Akatupa bovu moja pembeni.

Usiku saa nane nashtuka, wewe! Si ndo wanachofanya? Silikoni 28, ile nyepesi isiyo na kisumaku kwenye kiini, wanaisafisha mpaka zaidi ya asilimia 99.9, nimeisoma mwenyewe, kwenye daftari nimepigia mistari miwili. Kuja kuamka asubuhi, yeye kashapanda gari alfajiri. Wiki nzima, mkuu wa shule kahamishwa, shemeji kapeleka mahari, mimi kichwani "haya" tu. Ningesema hata "ngoja niangalie" ningepungukiwa nini?

Jana nikapiga simu nikakiri. Kimya, kisha: "Wanazichaguaje sasa, kwa mkono?" Hapana mama, wanaigeuza gesi, wanaizungusha kwa kasi kwenye mashine, nzito zinasogea ukingoni nyepesi zinabaki katikati.

"Kumbe wanapeta."

Nilicheka mpaka machozi, yeye pia, sijawahi kumsikia akicheka hivyo tangu niolewe. Jumatatu form six nawafundisha kwa ungo, nimeshauweka kwenye begi.

Ila Jumatatu hiyohiyo shule zinafunguliwa na viatu vya Neema leo vimegoma kabisa kuingia, na mshahara bado.