Siku Moja Maishani Mwangu: Sista Mkunga

Kengele ya nyumba yetu hulia saa kumi na moja alfajiri, lakini leo ilinikuta macho, kwa kuwa tangu saa tisa nilikuwa na mtoto wa degedege aliyeletwa kwa bodaboda. Masifu, Misa, kikombe cha uji, na saa moja na nusu nikafungua mlango wa zahanati yetu ya misheni, kijijini, mkoani Ruvuma. Hadi saa nne nilikuwa nimetoboa vidole vya kupima malaria, nimegawa dawa ya mseto na kupima uzito wa watoto wa kliniki.

Saa nne na robo akaingia binti mwenye uchungu wa mimba ya kwanza, nyuma yake mama mkwe. Mama mkwe alinitazama kuanzia shela hadi viatu, kisha akauliza: “Sista, humu hamna mama aliyezaa? Wewe uchungu utaujulia wapi?”

Swali hilo nimelizoea, na hata Kanisa liliwahi kuwa na wasiwasi wake kuhusu masista na uzazi. Hadi mwaka 1936 masista hawakuruhusiwa kuzalisha. Daktari Anna Dengel wa Austria, aliyewahi kuwatibu wanawake wa Rawalpindi, mji ulioko leo Pakistan, ambao mila haikuwaruhusu kuguswa na tabibu mwanamume, alianzisha shirika la masista wa tiba mjini Washington mwaka 1925, na alikuwa miongoni mwa waliodai ruhusa hiyo hadi Roma ikakubali. Haya sikumweleza mama mkwe. Nilimwambia tu, “Karibu ukae, mama,” nikavaa glavu.

Njia ya uzazi ilikuwa imefunguka sentimita nne. Nikaanza kujaza patografu, chati ya kufuatilia uchungu, ambayo mama mkwe aliiona kuwa ni uvivu: binti analia, sista anachora mistari! Kila nusu saa niliposikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, aliniuliza kwa nini simchomi sindano ya kuharakisha. Nilipotoka kumhudumia mgonjwa mwingine na kurudi, nilimkuta akitoa ndani ya kanga chupa ya soda yenye maji ya mizizi, ya rangi ya chai iliyochacha. Binti alikuwa ameshapanua mdomo. Niliipokonya, na ninakiri kwamba sikuipokonya kwa upole wa kitawa, maana dawa kama hiyo huweza kuukaza mji wa mimba hadi ukapasuka, na gari la wagonjwa huchukua saa nyingi kufika kwetu. Alinuna. Mimi pia nilinuna.

Chakula cha mchana sikumbuki kama nilikila. Miguu ilikuwa imevimba, na jua lilishaondoka dirishani mtoto alipotoka, wa kike, akapiga kelele bila kuombwa. Nikamchoma mama yake pajani oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba baada ya kujifungua, kondo likatoka, nikalisugua tumbo mpaka mji wa mimba ukawa mgumu kama chungwa bichi na damu ikapungua.

Ikabaki malipo. “Si Wazungu huwaletea fedha?” akauliza mama mkwe. Nikamwonyesha boksi la glavu lililobaki jozi tatu, ambalo tumelinunua wenyewe, kisha daftari la madeni. Akaweka dole gumba chini ya majina mengine ya mwezi huu.

Nilikuwa nikifunga mlango aliponigusa bega.

“Sista, chupa yangu.”

Nikamwaga yale maji nje, nikaisuuza mara mbili, nikampa.