"Fundi yuko wapi?" Siku yangu moja gereji, Dodoma

Saa 12 asubuhi naiwasha Subaru Forester yangu, baridi ya mwezi wa 7 hapa Dodoma inauma kwelikweli, naiacha ingurume huku nakunywa chai. Ule mlio wa boksa, injini ambayo pistoni zake zimelala kushoto na kulia, sijawahi kuuchoka.

Saa 2 nipo gereji Kizota. Akaja mzee na Toyota IST inamisi, yaani silinda haichomi mafuta vizuri. Shikamoo mzee. "Marahaba binti, fundi yuko wapi?" Nikamwambia ni mimi, akaniangalia ovaroli juu mpaka chini halafu akageuka akaanza kumuelezea dogo ambaye ana miezi miwili tu tangu aanze kujifunza kwangu, dogo wa watu akabaki ananitazama. Sikubishana. Nikachomeka mashine ya kusoma makosa ya gari ikasoma kodi P0303, yaani misi ipo silinda ya 3, nikaitoa koili ya 3, ile inayoipa plagi umeme wa cheche, nikabadilishana na ya 1, nikafuta kumbukumbu ya makosa, nikawasha, sasa ikasoma P0301. Misi imehama na koili so mbovu ni koili, plagi hazina kosa. Ndo mzee akanigeukia, "sasa binti, tununue ngapi?" Moja tu mzee.

Saa 6 msosi kwa mama ntilie, vijana wa spea wanabishana kwamba Passo ni gari ya akina dada na mwanaume akiiendesha anajishusha. Hii inanikera jamani maana gari haina jinsia, ina cc, na anayeumia ni huyu anayefuata.

Saa 8 kaja mama mmoja na hiyohiyo Passo, analia karibu. Kuna sehemu ameambiwa injini imekufa ashushe nyingine kwa sababu inatetemeka ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta. Passo ya cc 996 ina silinda tatu, kutetemeka kidogo ndo asili yake, nikapiga jeki nikachungulia, mauntini moja, ile raba inayoshikilia injini, imepasuka. Mauntini tu! Angekuja na kaka yake wasingemwambia vile, naamini hivyo kabisa. Nikamuita akainama akaiona mwenyewe kwa macho yake, sitaki mtu aondoke gereji kwangu kwa kuniamini tu.

Saa 12 jioni tunakutana wapenda magari, boneti zimefunguliwa, kijana mgeni akaniuliza Forester ni ya shemeji? Nikamuuliza kama anamjua Bertha Benz, hamjui, nikamsimulia 1888 alivyochukua gari aliyoitengeneza mumewe, Carl Benz, bila kumwambia akaenda na wanae wawili kutoka Mannheim mpaka Pforzheim huko Ujerumani, zaidi ya kilomita 100, bomba la mafuta likaziba njiani akalizibua kwa pini ya kofia yake. Kijana akasema kumbe! akaniomba nisikilize injini yake, mkanda wa injini unalia.

Saa 3 usiku nipo home. Yule mama kanitumia meseji, binti yake wa form two anataka aje jumamosi ajifunze kubadili plagi. Nimemjibu aje na viatu vya kufunika na nywele azibane.