"Nitaitafuta Tena"

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo la juma hili ni Mithali 23:29–35. Wengi wetu huishia mstari wa 32, pale nyoka anapouma, maana hapo ndipo mahubiri ya ulevi hupamba moto. Nawaomba safari hii msome hadi mwisho.

Aliyeandika maneno haya aliwatazama walevi kwa karibu. "Utakuwa kama alalaye katikati ya bahari." Aliyewahi kulewa akajitupa kitandani (tusinyoosheane vidole, tumetoka mbali) anajua chumba kinavyozunguka ukifumba macho. Ndani ya sikio mna vifereji vyenye majimaji, ndivyo vinavyoupa ubongo habari kichwa kinapogeuka au kuzunguka. Pombe ikifika huko, habari zinakuwa za uongo: umelala tuli, lakini unayumba kama uko mashuani. "Wamenichapa, wala sikuumia": ganzi imeshika, jeraha utaliona asubuhi. Nayo kahawa kali na maji ya baridi humwacha mlevi macho tu, bado amelewa, kwa kuwa ini lina mwendo wake na haliharakishwi.

Kisha yanakuja maneno ya mwisho: "Nitaamka lini? Nitaitafuta tena." Amepigwa, ameona mambo mageni, na bado anaitaka. Sisi tukimwona wa namna hiyo husema hajatubu sawasawa.

Kanisani kwetu palikuwa na baba mmoja, mnywaji wa gongo wa miaka mingi. Jumapili moja alisimama akasema anaacha leo leo. Vigelegele! Siku ya tatu mkewe akapiga simu: mume anatetemeka, jasho linamtiririka, anafukuza wadudu ukutani ambao hakuna mwingine anayewaona. Tukaenda na Biblia zetu, tukakemea mapepo hadi karibu usiku wa manane. Akaanguka, viungo vikikakamaa na povu mdomoni. Dada mmoja wa kwaya, muuguzi, aliyefika akitokea zamu, ndiye aliyetufokea: "Tafuteni gari, mtu anakufa!"

Baadaye alitufafanulia. Pombe hukanyaga breki za ubongo. Anayekunywa kila siku, ubongo wake huzoea kukanyaga mafuta zaidi ili mambo yaende. Sasa ondoa pombe ghafla: breki zimeachiwa, mafuta bado yamekanyagwa. Kati ya siku ya kwanza na ya nne mtu anaweza kupata degedege, kuweweseka, hata kufa. Hospitali wana dawa za kumtuliza na vitamini B1, ambayo miili ya walevi wengi huwa imeikosa kwa kula vibaya. Kwa hiyo, wapendwa, mnywaji wa kila siku tusimfungie chumbani na mfungo wa siku tatu. Apelekwe kwa daktari kwanza, na tuombe tukiwa njiani. Sidhani Mungu atatuona tumepungukiwa imani.

Baba yule alilazwa. Asubuhi ya nne alizinduka, akamwuliza mkewe leo ni siku gani, akaomba uji. Tangu hapo ameirudia gongo mara mbili. Mara ya pili hakusubiri tumfuate. Alfajiri, mikono ikianza kutetemeka, alikwenda mwenyewe kugonga mlango wa yule dada wa kwaya.