Jinsi nilivyojua umri wa gitaa langu la besi lililotumika

Aliyeniuzia aliapa kwamba Fender Precision hii ni ya 1969. Namba ya bamba la nyuma, kile kipande cha chuma kinachoshikiza shingo ya gitaa, haikutosha kuwa ushahidi. Bamba hufungwa kwa skrubu nne tu, huweza kuhamishiwa gitaa jingine. Nikafungua sehemu ya vidhibiti vya sauti. Potenshiometa, kifaa kinachozungushwa kuongeza au kupunguza sauti, ina mhuri 1377433: 137 ni kampuni ya CTS, 74 mwaka, 33 wiki. Yaani ilitengenezwa Agosti 1974, na lehemu yake kuukuu haijaguswa, kwa hiyo gitaa si la 1969. Lehemu mbili tu, za nyaya za kinasa sauti (pickup, sumaku inayonasa mtetemo wa nyuzi), zinang'aa kama mpya, kwa hiyo kinasa kimebadilishwa. Matundu karibu na daraja, sehemu inayoshikilia nyuzi mwilini, yalinitia shaka bure, kumbe ni ya kifuniko cha chuma cha kiwandani. Kinasa hicho kipya sikiondoi, kinanguruma vizuri mno.